Amplifaya ya gari inajizima besi ikipanda: nilivyoitatua

Sauti ikiwa chini, kila kitu shwari. Ukiongeza, besi ikipiga kidogo tu taa nyekundu inawaka na amplifaya inajizima. Fyuzi nzima, betri volti 12.6. Nikachomoa nyaya za sabwufa (spika ya besi) na kuzipima kwa multimita: omu 1.8 za ukinzani. Tatizo liko hapo. Koili mbili za omu 4 ndani ya sabwufa hiyo zilifungwa sambamba, yaani omu 2, na amplifaya hiyo ya chaneli mbili ikifungwa briji (chaneli zote mbili kuendesha spika moja) haivumilii chini ya omu 4.

Kuzifunga mfululizo kungeleta omu 8, nguvu ishuke karibu nusu. Nikachagua sabwufa ya koili mbili za omu 2, RMS (nguvu ya kudumu) wati 300 sawa na amplifaya; namba kubwa za kwenye boksi zipuuze kabisa. Hasi ya koili ya kwanza inaingia chanya ya pili, ncha mbili zilizobaki zinakwenda kwenye amplifaya: omu 4.

Gein (kirekebisho cha kiwango cha ishara inayoingia kwenye amplifaya) nayo ipimwe: sabwufa ikiwa imechomolewa, cheza toni ya hezi 50, pandisha gein taratibu hadi multimita ioneshe volti 34 za AC kwenye matokeo ya amplifaya (kipeo cha pili cha wati 300 mara omu 4). Waya wa bodi (wa hasi, unaofungwa kwenye chuma cha gari) usizidi sentimita 50, na rangi pale unapofungwa ikwanguliwe mpaka chuma king'ae.