Melaka, walikofika watu wa Kilwa

Kuala Lumpur, Jumapili usiku

Semina ya kazini iliisha Ijumaa mchana, na tiketi ya kurudi Dar es Salaam ni ya Jumatatu. Wenzangu wakaenda madukani. Mimi nilikuwa nimeshaamua tangu nyumbani: Jumamosi asubuhi na mapema niko kituo cha mabasi, peke yangu, naelekea Melaka, mji wa bandari huko huko Malaysia.

Sababu ni mstari mmoja. Tomé Pires, Mreno aliyekuwa mtaalamu wa dawa, aliishi Melaka kati ya 1512 na 1515, na aliandika orodha ya watu waliokuwa wakifanya biashara katika bandari ile. Inaanza na watu wa Cairo, Makka na Aden, wanafuata Wahabeshi, halafu watu wa Kilwa na watu wa Malindi, kisha Hormuz, na inaendelea hivyo hadi China. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko. Nimekua nikikitazama Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu ya mji wa kale, kila asubuhi ng'ambo ya maji, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba watu wa pale walikuwa wakionekana sokoni Malaya. Tangu niliposoma ule mstari sikuwa na raha mpaka nifike.

Kutoka Kuala Lumpur ni kama saa mbili kwa basi, barabara pana, michikichi kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Nilifurahi kuwa peke yangu. Ukisafiri na watu, nusu ya siku inaishia kwenye kusubiriana na kujadili mtakula wapi.

Uwanja wa majengo mekundu, ambao ndio picha ya Melaka kwenye kila kadi, niliupita haraka. Jengo la utawala la Waholanzi, Stadthuys, ni la karne ya 17, na kanisa la pembeni yake lilikamilika mwaka 1753. Ni majengo ya kupendeza. Lakini pale mbele palikuwa na msururu wa baiskeli za abiria za magurudumu matatu, zimefunikwa maua ya plastiki na madoli, kila moja inapiga muziki wake kwa sauti ya juu kabisa. Watoto walikuwa wanazipenda sana. Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine.

Nilikipata nyuma ya kilima, umbali wa dakika chache kwa miguu. Ni lango, basi: lango moja la mawe lisilo na ukuta kulia wala kushoto. Wanaliita Porta de Santiago, na ndilo lililobaki katika ngome yote ya Wareno. Kamanda wao Afonso de Albuquerque aliuteka mji Agosti 1511, Sultani Mahmud Shah akakimbia, na ngome ikaanza kujengwa. Inasimuliwa kwamba mawe yake mengine yalitolewa kwenye misikiti na makaburi ya kifalme. Waholanzi walipoichukua mwaka 1641 waliikarabati na kuweka nembo yao; juu ya lango bado unasoma ANNO 1670. Waingereza nao walipoishika Melaka waliamua kuibomoa, kazi iliyoanza 1807, ili isije ikawafaa maadui wao. Ofisa wao Stamford Raffles ndiye aliyesaidia kuokoa kile kidogo kilichosalia.

Niliweka kiganja kwenye jiwe. Ni jiwe jekundu la kahawia lenye vishimo vishimo, la moto kwa jua, linakwaruza kama matumbawe ya kwetu ingawa si matumbawe. Nikawa najisomea tarehe kichwani. Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliivamia Kilwa Julai 1505, akajenga ngome pale ambapo leo tunaona boma la kale liitwalo Gereza, kisha akaendelea kuichoma Mombasa. Mwaka 1507 msafara wa Tristão da Cunha uliichoma Barawa, pwani ya Somalia, na huyo huyo Albuquerque alikuwemo. Miaka minne baadaye yuko hapa. Shuleni tulisomeshwa habari za Kilwa kana kwamba ni msiba wa kwetu peke yetu, ulioanzia na kuishia pwani yetu. Pale langoni nilielewa kwamba tulikuwa kwenye foleni moja na watu hawa. Bandari zilizokuwa zikifanya biashara pamoja ndizo zilizopigwa moja baada ya nyingine, kwa sababu aliyetaka biashara ile alilazimika kuishika yote.

Nilipanda kilimani, ngazi nyingi na jua kali. Juu kuna magofu ya kanisa la Mtakatifu Paulo, lililoanza kama kikanisa kidogo cha Wareno mwaka 1521. Halina paa. Ndani, mawe makubwa ya makaburi yameegemezwa ukutani, mengine yana urefu wa kunipita. Mwili wa mmisionari Mkatoliki Francis Xavier ulilala hapa kwa miezi kadhaa mwaka 1553 kabla haujapelekwa Goa. Nilisimama kidogo kwenye lile shimo lake tupu lenye wavu juu, kwa sababu mtu huyu naye, alipokuwa akienda India mwaka 1542, meli yake ilitia nanga Malindi. Kila ninapogusa kitu katika mji huu, kamba inavuta mpaka pwani yetu.

Kilichonihuzunisha ni nilipogeuka kuitazama bahari. Iko mbali! Zamani maji yalikuwa yakifika karibu na lango lile. Leo kati ya kilima na mlango wa bahari kuna maduka makubwa, hoteli, maghorofa ya makazi na maeneo ya kuegesha magari, na vyote hivyo vimesimama juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Lile duka kubwa zaidi limejengwa kwenye uwanja ambao mnamo Februari 1956 Tunku Abdul Rahman, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza, alisimama kuwatangazia wananchi tarehe ya uhuru wao. Mji ulioishi kwa bahari umeisukuma bahari nje. Wavuvi wa kijiji cha Wareno, Ujong Pasir, watu ambao wana damu ya Kireno na Kimalay na bado wapo wanaozungumza lugha yao ya Kristang, wamekuwa wakilalamikia ufukiaji huu kwa miaka. Nawaelewa. Kisiwani kwetu magofu ni mengi na wakazi ni wachache, lakini ukishuka ngazi za Gereza unakanyaga maji, na ngalawa ziko pale pale. Ningeomba jambo moja tu kwa wanaopanga maendeleo ya Kilwa: msije mkatuondolea bahari.

Mchana niliingia mtaa wa Jalan Tukang Emas. Ndani ya hatua chache kuna hekalu la Wahindu la mwaka 1781, msikiti wa Kampung Kling wa mwaka 1748, na mbele kidogo hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng la karne ya 17. Harufu ya ubani inakufuata kutoka mlango hadi mlango. Sikuwa na haja ya kuchagua. Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia.

Msikiti ule sijui niueleze vipi. Hauna kuba. Paa lake limepangwa tabaka tatu, moja dogo kuliko lililo chini yake, kama piramidi ya vigae vya kijani. Mnara umesimama peke yake pembeni, umbo lake ni la pagoda za Kichina kabisa. Ndani kuna nguzo za mtindo wa Kizungu na taa kubwa ya vioo inayoning'inia, na mimbari ya mbao iliyochongwa kwa mikono iliyojifunza kwa Wahindu na Wachina. Hakuna aliyeona aibu kuazima. Kila fundi aliyepita bandarini ameacha kipande chake, na bado unapoingia unajua umo msikitini.

Uani kuna birika. Si mabomba, ni birika la maji la mraba, lina kina, na paa lake dogo limebebwa na nguzo. Nilikaa pembeni yake muda mrefu. Kwenye Msikiti Mkuu wa Kisiwani sehemu ya kutawadhia ipo, tangi limekauka, na bado unaona yale mawe ya mviringo yaliyowekwa ili watu wasugue nyayo. Nimeyaona tangu utotoni, nimeruka juu yake nikicheza. Lakini sikuwahi kuona watu wakitumia mahali kama pale. Hapa mzee mmoja alikuja, akachuchumaa, akakunja suruali, akachota maji kwa kiganja, akaanza. Nilikuwa naangalia Kisiwani ikiwa na watu. Machozi yalinitoka na sikuyazuia.

Nilisali upande wa wanawake, Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kwa ruhusa ya msafiri. Mama mmoja wa makamo aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, pwani, mji unaoitwa Kilwa. Hakuwahi kuusikia. Nikamweleza kwamba watu wa mji huo walikuwa wakija hapa kwa jahazi miaka mia tano iliyopita. Akanitazama, akanishika mkono, akasema, "Basi karibu tena." Sikuwa na la kuongeza.

Jambo la upepo nilikuwa nalijua kwa kusoma, ila nililihisi niliposimama kando ya mto wa Melaka alasiri ile, pale majahazi yalipokuwa yakipakulia. Kaskazi ndiyo iliyoleta meli za China hapa. Kusi ndiyo iliyosukuma meli za India. Kwa hiyo mji huu ulikuwa mahali pa kungojea: mmoja anafika, mwingine anajiandaa kuondoka, bidhaa zinapitia maghalani, na wakati wa kungoja watu wanajenga nyumba, wanaoa, wanazika. Watu wa kwetu wengi wao walipanda na kusi hadi Gujarat, magharibi mwa India, kwenye bandari ya Cambay, na kutoka huko wakaungana na Wagujarati kuja huku. Haikuwa safari ya kwenda na kurudi kwa msimu mmoja. Mtu aliyetoka Kilwa kuja Melaka alimuaga mkewe akijua wazi kuwa mtoto atatembea kabla hajarudi.

Niliona njaa. Kwenye kibanda karibu na mto kuna mama anauza cendol, na wote pale humwita makcik, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alijaza bakuli barafu iliyokunwa, akaweka tambi laini za kijani zinazotiwa rangi na harufu kwa majani ya pandani, ndugu wa mkadi wetu, akamimina tui zito la nazi, halafu juu kabisa sukari nyeusi ya maji maji. Sukari hiyo ndiyo gula melaka. Wanagema mnazi asubuhi, kama wagema wa kwetu wanavyopanda kufuata tembo, ila wao wanalichemsha kabla halijachacha mpaka ligande, na kimila hulimimina kwenye vipande vya mianzi. Ina utamu wenye moshi kidogo, na mwisho wake una chumvi kwa mbali. Nazi zinaoza chini ya minazi Kilwa. Nimenunua magudulia mawili ya sukari hiyo kwa ajili ya mama mkubwa, ambaye najua atataka kujaribu kuipika kabla hata sijafungua begi.

Magharibi nilichukua teksi kwenda msikiti wa mlangobahari, uliofunguliwa mwaka 2006 kwenye kisiwa cha kufukiwa. Umesimama juu ya nguzo ndani ya maji. Pale ndipo hatimaye nilipoipata bahari. Meli za makontena zilikuwa zinapita mbali, moja nyuma ya nyingine, bila kukatika. Njia ni ile ile aliyoiona Pires. Sasa hivi ni moja ya njia zenye meli nyingi kuliko zote duniani. Hakuna inayosimama Melaka.

Leo asubuhi, kabla ya kupanda basi, nilizunguka maduka ya vitu vya kale mtaa wa Jonker. Kwenye trei ya mbao kulikuwa na vipande vya kauri vilivyovunjika, vingine vina maua ya bluu, vingine kijani cha maji ya bahari. Nikampigia simu mjomba, Masoko, ingawa kwake ilikuwa bado alfajiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Uko salama huko?"

Nikamweleza kuhusu trei. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Vipande hivyo anavijua. Kila mtoto aliyeokota kombe ufukweni Kisiwani anavijua, maana mawimbi huvitoa baada ya bamvua na sisi tulivitumia kuchezea. Vilitoka China, vikapitia bandari kama hii, vikaishia mikononi mwetu tukivirusha majini kuona nani atafika mbali. Mjomba akauliza wanauza kiasi gani. Nilipomtajia akasema watu wa Kisiwani wasiambiwe, wasije wakaanza kuchimba, na hilo hakulisema kwa mzaha. Nakubaliana naye. Magofu yale yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na yamewahi kuwekwa miongoni mwa yaliyo hatarini.

Halafu akaniuliza swali ambalo nimekuwa nalo njia nzima ya kurudi: hao watu wa Kilwa waliofika Melaka, majina yao ni nani? Pires hakuandika. Aliandika mji tu. Mjomba anaona yanaweza kupatikana kwa upande wa Wagujarati, kwa kuwa waliochangia jahazi lazima walichangia na hesabu. Kwa hiyo nimeshaanza kuangalia nauli za Ahmedabad, na jinsi ya kufika Cambay, ambayo leo wanaiita Khambhat. Likizo yangu ni Desemba.