Suti ya baba na ile namba 26

Hii ni ya Novemba 2015, nipo Hamburg, mwaka wa tatu sijarudi nyumbani, na kaka yangu ndo anaoa Desemba pale Morogoro. Kwenye kikao cha familia cha simu tukagawana majukumu, huyu ukumbi, yule vinywaji, mama mdogo mapambo, mimi nikasema niachieni suti ya baba. Nilisema haraka kabla mtu mwingine hajawahi. Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na kitu, na suti yake ilikuwa moja, ya kahawia, aliyoshonewa 1987 na ambayo ilishagoma kufunga siku nyingi, halafu alikuwa na koti la mitumba la kijivu alilolipenda sana, hilo ndo la mahafali, ndo la misiba, ndo la vikao vya shule, mpaka viwiko vikaanza kung'aa. Mimi nilitaka harusi ya mwanae wa kwanza avae kitu ambacho hakijavaliwa na mtu mwingine kabla yake. Ni hilo tu.

Shida ikaja kwenye saizi. Nikamwambia mdogo wangu fungua kabati la baba nipigie picha lebo ya lile koti la kijivu. Picha ikaja WhatsApp, lebo imechakaa ila inasomeka, la Uingereza, 42 S. Nikaisoma hivyo hivyo nilivyoielewa, 42 na S ile ndogo ya kwenye fulana. Na hiyo 42 ilinichanganya kwasababu 42 ni namba yangu mimi, gauni langu la Ujerumani ni 42, na baba yangu kwa upana wa kifua hatulingani hata kidogo.

Wale mliokulia kwenye mitumba mnazijua zile lebo zenye mstari wa herufi na namba, D 42, F 44, I 48, GB 16. Nilipokuwa mdogo mama akitutuma tumfungulie magauni mnadani nilikuwa nadhani ni namba za mzigo, za belo labda. Kumbe ni mwanamke mmoja huyo huyo, Mjerumani anamwita 42, Mfaransa 44, Mwitaliano 48, Mwingereza 16. Hayo ya kina mama nilishayazoea kufikia 2015, kwasababu nilishavua na kuvaa sana kwenye vyumba vya kujaribia huku karibu nalia. Lakini ya wanaume sikuwa najua chochote, nikadhani ni mambo yale yale.

Basi nikaingia duka moja la onlaini, kwenye suti za kiume 42 haipo kabisa. Nikasema haya, tufuate ile S. Nikaagiza koti zuri la bluu, S. Likaja baada ya siku tatu, na kulishika tu roho ikasita. Hosteli yetu kulikuwa na kijana wa Kisumu, mwembamba, mrefu wa wastani, nikamgongea mlango nikamwambia kaka naomba ujaribu hili nione. Likamkaa kama kapimiwa. Nikamzunguka pale nikimwangalia mgongo, nikamuwaza baba yangu na kile kifua chake, nikajua kifungo hata kimoja kisingefunga. Nikalikunja nikalirudisha, maana kwa Ulaya ukinunua onlaini una siku 14 za kurudisha bila kuulizwa sababu, hela ikarudi, ila wiki mbili nilishapoteza na tiketi yangu ni tarehe 10 Desemba.

Ndo nikampigia fundi wetu. Ni mzee, cherehani yake ipo barazani jirani na kwetu tangu sijaanza shule, sare zetu zote kashona yeye. Shikamoo fundi, marahaba mwanangu, hujambo huko kwenye baridi, nikamweleza. Akanikatiza, akasema, "Sasa wewe unasoma lebo ya nini, lebo ya mtu aliyevaa kabla ya baba yako? Ngoja nimpime mwenyewe." Akaenda na tepe yake, mdogo wangu akaweka simu spika juu ya meza, na mimi huku nimekaa kitandani na kalamu.

Naikumbuka ile simu kuliko hata harusi yenyewe. Fundi anataja kwa inchi, anataja polepole kama anamwandikisha mtoto. Kifua 41. Kiuno 38. Bega 17 na nusu. Mkono 23. Suruali 39. Nasikia baba anaambiwa Mwalimu usivute pumzi, simama kama unavyosimama siku zote, na baba anacheka. Halafu fundi akanyamaza kidogo akasema, mwanangu andika na hili, bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, mwambie huyo mtu wa duka. Nikaandika. Miaka mitatu naongea naye kwa simu kila Jumapili na hakuna aliyewahi kuniambia bega la baba limeshuka, na mimi ningejuaje. Nikawa namuona sasa, kiuno kimeongezeka, bega limelala upande, anazeeka mimi sipo.

Jumamosi yake nikaenda Mönckebergstraße, ile barabara ya maduka inayoanzia stesheni kuu, saa kumi jioni na giza limeanza kuingia, nikapanda mpaka ghorofa ya wanaume ya duka moja la zamani. Alikuwepo muuzaji mtu mzima, nywele nyeupe, na shingoni ana tepe, manjano, imechoka kwenye ncha, ile ile kabisa ya fundi wetu. Nilipoiona tu nikatulia. Nikampa karatasi yangu.

Akasoma inchi zangu bila kuuliza kitu akaanza kuzigeuza sentimita kwa penseli. Inchi 41 ni sentimita 104. Akaniambia suti za kiume huku hazina siri, unachukua kifua kwa sentimita unagawa kwa mbili, 104 ni 52, kwahiyo baba yako ni 52. Na Mwingereza anatumia inchi, 52 yetu ni 42 yake, unatoa kumi tu. Yaani ile 42 ya kwenye koti la kijivu ilikuwa ni kifua cha inchi! Nami nimeitafuta siku nzima Ujerumani ambako 42 ya shati la kiume ni shingo kwa sentimita na 42 ya kiatu ni kitu kingine kabisa.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye suti moja ya Kiitaliano, sufu laini, bluu iliyoiva, 52. Akaitoa akanionyesha kwenye lebo pameandikwa DROP 8. Akasema hapa ndo watu wanapoumia, koti ni 52 kweli, lakini hiyo drop ni tofauti ya nusu ya kifua na nusu ya kiuno, kwahiyo suruali yake nusu ya kiuno ni 44, kiuno kizima sentimita 88. Akaweka kidole kwenye karatasi yangu, kiuno cha baba inchi 38, sentimita 96 na kitu. Baba yako drop yake ni 4, akasema, hii imeshonewa kijana mwembamba wa kiuno. Nikairudisha kwenye hanga mwenyewe, iliniuma kidogo maana ile rangi ilikuwa rangi yake.

Akaniuliza baba ana urefu gani. Sikujua. Nikapiga simu hapo hapo, huko kwetu ni saa 12 na nusu jioni tofauti ni masaa mawili, wakamsimamisha baba kwenye fremu ya mlango. Tepe ya fundi ni ya inchi 60 ikaishia usawa wa macho, ikabidi waweke alama ya chaki ukutani waanze tena, zikaongezeka 5. Sentimita 165. Yule muuzaji akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu, akaenda nyuma kabisa kwenye reli ya mwisho ya kutundikia nguo akarudi na suti ya bluu. Naangalia lebo, 26.

Niseme ukweli nilikasirika. Nimekuambia baba yangu ni 52 mwenyewe umepiga hesabu, mtu mzima wa miaka 67, unaniletea 26? Nilijua kaniletea ya mtoto, na nilishachoka na vingi vya siku hizo. Hakujibu kwa hasira. Akanishika akanipeleka kwenye reli tatu akanionyesha kwa mkono. Hii hapa ni ya watu wa kawaida, 48, 50, 52. Hii ya warefu wembamba, 98, 102, 106. Na hii ya mwisho ni ya wanaume wafupi wenye kifua na tumbo, 24, 25, 26, ni namba ile ile ya kawaida imegawanywa tena kwa mbili, 52 inakuwa 26. Nikamwambia si tungechukua 52 nikakatiwa chini. Akazishika zote mbili akazilaza juu ya kaunta, moja juu ya nyingine, mabega yamelingana sawasawa. Ile fupi mifuko imepanda juu, kifungo kimepanda juu, kwapa hadi kiuno pamefupishwa. Ukikata 52 kwa chini, akasema, mifuko inabaki kule kule, baba yako ataonekana kavaa koti la kaka yake.

Hapo nikatoa simu nikamwonyesha picha ya lebo ya koti la kijivu, 42 S. Akasema ndiyo, ni hii hii 26, hiyo S si ndogo, ni fupi. Jamani. Miaka yote hiyo lile koti lilikuwa linamkaa baba vile kwasababu mnadani kule kwenye rundo alikuta koti la mwanaume Mwingereza mwenye umbo lake lile lile, na mimi nikaisoma S nikaagiza la kijana wa hosteli.

Fundi alishanipa masharti yake kwa ujumbe wa sauti, nikayafuata moja moja. Bega likikataa achana nayo, kiuno na mikono na pindo nitamalizana navyo mimi. Nikapima bega kwa tepe ya yule mzee, 17 na nusu. Nikageuza suruali ndani nikaangalia mshono wa nyuma, kitambaa cha ziada kimeachwa upana wa vidole viwili. Kuhusu lile bega lililoshuka, yule muuzaji alifungua droo akanipa sponji moja nyembamba ya bega, moja tu, hakunichaji, akasema mpe fundi wenu atajua pa kuiweka.

Nililipa yuro 229. Nilibeba mkononi mpaka Dar, kwenye ndege sikuiweka juu, nilimuomba mhudumu anitundikie. Morogoro nilifika jioni, baba hakutaka hata ninywe chai kwanza. Akavaa pale pale sebuleni juu ya shati la kushindia. Fundi aliitwa, akaja na pini mdomoni, akampitishia vidole viwili begani kushoto, halafu kulia, akaingiza mkono ndani ya koti akaisogeza ile sponji kidogo, akarudi nyuma akaangalia. Akatoa pini mdomoni akasema, "Hapa mimi sigusi. Nipeni suruali nipinde tu chini, inchi moja."

Baba yeye keshakunjua lebo ya ndani anaisogeza kwenye taa. "Mbona wameandika 26?" Nikaanza kumweleza, kifua 104, nusu yake 52, na kwa watu wafupi wanagawa tena, sikumaliza. Akaniinulia kidole kama alivyokuwa anatufanyia darasani, subiri kwanza. Akakaa kimya, midomo inacheza.

"Kwa hiyo ni robo ya kifua," akasema. Akamgeukia mama jikoni akaita kwa sauti, "Mama watoto, njoo uone, Wajerumani wamenipima robo robo na imenikaa!"