Mawe meusi ya Goma

Usiku wa tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wameingia Goma, mashariki mwa Kongo, mimi nilikuwa Kayole, Nairobi, nimekaa kitandani na simu mkononi. Mama alikuwa hapatikani. Kundi la familia la WhatsApp nalo halinyamazi.

Kwenye saa tatu hivi binamu yangu aliyeko Brussels akatupia picha: mwanamke amebeba mtoto, nyumba zinawaka nyuma yake, na chini imeandikwa "Majengo sasa hivi". Majengo, mtaa wa Goma, ndiko kwetu. Nikaanza kulia kabla hata sijaitazama sawasawa. Mume wangu ndiye aliyesema, "Hebu ivute hiyo picha."

Nikaivuta. Udongo mwekundu, kama wa Machakos. Goma tunakanyaga mawe meusi ya volkeno, ndiyo tunajengea kuta, ndiyo yanayomaliza soli za viatu vyetu. Kwa mbali mlima umechongoka, kileleni una theluji! Nyiragongo, volkeno yetu, mdomo wake ni mpana kama sufuria, na theluji hatujawahi kuiona. Kwenye bendera ukutani nyota imekaa katikati, wakati ya Kongo iko pembeni juu, kushoto. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeyeyukia shingoni mwa mama yake.

"Hii ni akili mnemba," nikaandika, nikazitaja dosari moja baada ya nyingine. Binamu akaomba radhi, wengine wakanirushia makofi. Niseme ukweli, niliona raha. Mama yangu hajulikani alipo, na mimi naona raha ya kuwa mjanja.

Siku mbili baadaye shangazi akapata mtandao kwa laini ya Rwanda, akatuma picha moja tu. Ilikuwa ya giza, imetikisika: watu watatu wamelala kando ya barabara, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imepinduka karibu yao. Mkono wa mmoja ulikuwa na vidole vitatu. Sikuivuta. Nikaandika hapo hapo, mbele ya ukoo mzima: "Shangazi, hii nayo ni feki. Angalia vidole."

Kundi likatulia. Kisha ikaja sauti yake, ya chini, kama ya mtu anayechelea kuamsha mtoto.

"Mwanangu, hiyo nimepiga mimi, kwenye tundu la lango. Huyo kijana ndiye anayetuletea makaa. Vidole vyake vimekatwa na risasi. Mama yako yuko hapa kwangu, mzima, ila simu yake imeisha moto."

Ndipo nikaivuta. Chini, mawe meusi. Pembeni, kipande cha lango la bluu, rangi niliyoipaka mimi mwenyewe likizo moja nikiwa sekondari, na michirizi yake ya kitoto bado ipo.

Nikaufuta ujumbe wangu. Alama zilikuwa zimeshageuka bluu, wote walikuwa wameusoma.