Matambara Miguuni

Wapendwa katika Bwana,

Paulo anapomwandikia Timotheo hataji imani yake bila kutaja nyumba ilikotoka: kwanza bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike (2 Tim 1:5). Wiki hii mstari huo umenipeleka Mississippi, Marekani, kwa Fannie Lou Hamer, mpigania haki za watu weusi, aliyezaliwa 1917 akiwa kitinda mimba wa watoto 20.

Wazazi wake, James na Lou Ella Townsend, walilima pamba kwenye ardhi ya wazungu kwa kugawana mavuno. Baba alikuwa pia mhubiri wa Kibaptisti. Kuna wakati walijinyima hadi wakanunua nyumbu wao wenyewe, wale chotara wa punda na farasi. Mzungu mmoja akawatilia sumu horini, nyumbu wakafa, na familia ikarudi palepale ilipoanzia.

Mavuno yakiisha, mama aliondoka na watoto shamba hadi shamba kuomba waokote pamba iliyosazwa, kama Ruthu nyuma ya wavunaji wa Boazi. Ardhi imeganda kwa baridi, viatu hakuna. Basi aliwafunga matambara miguuni. Hapo mimi hushindwa kupita haraka. Naiona mikono yake ikizungusha kitambaa kwenye kisigino cha mtoto, inakaza fundo, inamwita mwingine. Na Fannie Lou alipouliza kwa nini wao hawakuzaliwa weupe, mama huyohuyo alimwambia weusi si aibu, akamtafutia mwanasesere mweusi.

Uzeeni mama alipofuka. Binti yake akamtunza mpaka alipofariki 1961.

Mwaka uliofuata, katika mkutano kanisani huko Ruleville, Fannie Lou alisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mweusi ana haki ya kujiandikisha kupiga kura. Alikuwa na miaka 44! Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi na wenzake hadi Indianola kujiandikisha. Aliporudi, mwenye shamba alimtaka afute ombi lake au ahame. Akamjibu kwamba hakwenda kule kwa ajili ya bwana huyo, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku uleule akahama. Juni 1963 alipigwa vibaya katika jela ya Winona, na Agosti 1964 akayasimulia yote hayo huko Atlantic City mbele ya kamati ya chama cha Democratic, na televisheni zikayaonyesha nchi nzima.

Wengi humkumbuka kwa ushuhuda ule. Mimi namwona mama yake zaidi mwaka 1969, Fannie Lou alipoanzisha shamba la ushirika katika wilaya ya Sunflower. Njaa aliijua kabla ya kuijua kura, na siasa yake haikuitenga moja na nyingine. Familia maskini ilikabidhiwa nguruwe mwenye mimba, ikamlisha hadi akazaa, na watoto wa nguruwe wakabaki kuwa mali ya nyumba ile. Nyama ikawa yao kutoka zizini kwao, bila kwenda kuomba masazo kwa mtu.