Kingatiba ipangwe kwa mbalamwezi

Nikisema mimi ni mgawa dawa wa kijiji, wengi hudhani shida ni kuzunguka juani nyumba hadi nyumba, begi la vidonge begani na fimbo ya kupimia mkononi. Kutembea si kitu. Shida ni kumshawishi mtu mwenye afya yake, aliyekula akashiba, ameze vidonge vya ugonjwa asiouona mwilini mwake, tena avimeze mbele yako.

Nazungumzia kingatiba, yaani dawa wanazomezeshwa watu wote hata wasioumwa, ya matende na mabusha huku kwetu pwani ya Tanga. Minyoo yake ni myembamba kama uzi, na inaenezwa na mbu, wakiwemo wale wanaozaliana vyooni na kwenye mitaro ya maji machafu. Ile mikubwa hukaa ndani ya mwili kwa miaka, na kuzaa vijiminyoo vinavyojitokeza kwenye damu usiku. Dawa zetu mbili, ivermectin na albendazole, zinafagia zaidi hivyo vidogo, kwa hiyo mbu akikuuma hana cha kumpelekea jirani. Ile mikubwa mingi hubaki, ikizeeka taratibu. Ndiyo maana tunarudi kila mwaka, miaka mitano au zaidi, na kila mwaka nasikia lilelile: "Dada, si nilimeza mwaka jana?"

Fimbo inatuokoa kubeba mizani. Mwenye sentimita 90 hadi 119 anapata kidonge kimoja cha ivermectin, mwenye 159 na zaidi anapata vinne. Albendazole ni kimoja tu. Asiyefika 90 hapewi ivermectin, wala mjamzito, wala aliyejifungua ndani ya wiki, wala mgonjwa aliyezidiwa. Kuna bibi mmoja kila nikimwamkia na kumwomba asimame wima ananiuliza, "Marahaba mwanangu. Leo unanipimia sanda?" Kisha anameza. Wazee hawanisumbui hata kidogo, kwa sababu wao wameyaona matende kwa macho.

Wanaonisumbua ni vijana wa kiume. Mmoja atakwambia dawa inafunga uzazi, mwingine kwamba busha linatokana na kunywa madafu, na yeye madafu hanywi. Uvumi huo tunaumudu. Kaa naye barazani, mwambie ukweli kwamba anaweza kupata homa kidogo au kizunguzungu vijiminyoo vinapokufa, umeze na wewe vyako akiona, na mara nyingi atalegea. Gari la matangazo halijawahi kumlegeza mtu hapa kijijini, linaamsha watoto tu.

Ila huwezi kubishana na mtu ambaye hayupo. Wanaume wa huku wengi ni wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni na taa zao, wanarudi alfajiri, wanauza, wanalala. Mimi nagonga saa nne asubuhi naambiwa, "Baba Fulani amelala, niachie nitampa akiamka." Nikiacha, rejista inasema amemeza. Kidonge chenyewe Mungu ndiye ajuaye kilikoishia.

Halafu kuna watu wa dago. Wanatoka Pemba na kwingineko, wanapiga kambi ufukweni miezi kadhaa, wanahama samaki wanapohama. Hawana kaya kwetu, basi hawamo kwenye rejista. Lengo ni angalau asilimia 65 ya watu wote wameze, na kwenye karatasi tunalifikia vizuri tu, kwa kuwa walio dagoni hawakuhesabiwa, si kwenye waliomeza wala kwenye jumla ya watu. Mbu hana rejista. Anamuuma mvuvi wa dago magharibi, na baadaye anamuuma mwanangu.

Tanzania ilianza kazi hii mwaka 2000 kule Mafia. Malawi walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwamba wameutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Si kwamba wana dawa nyingine. Ni hizihizi.

Pendekezo langu ni dogo. Mwezi ukiwa mpevu, taa za dagaa hazifai kitu, maana bahari yote inang'aa. Siku hizo wavuvi wako nchi kavu, wanashona nyavu, wanacheza bao, na mama lishe wa dikoni, pale vyombo vinapofikia ufukweni, anauza kuliko siku zote. Wamekula, wamekaa, wanaongea. Tupeni dawa siku hizo, na daftari la pili kwa ajili ya dago, hata la kurasa chache. Na aanze kumeza nahodha. Nahodha akimeza, mabaharia wake hawabaki nyuma.

Jambo moja nje ya hilo, kwa sababu naulizwa sana kwa kunong'onezwa: vidonge haviondoi busha lililokwisha kuvimba. Hilo ni la upasuaji, na watu wanafanyiwa wakarudi baharini. Mwenye matende naye aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri katikati ya vidole, atibu kila kidonda na auinue anapokaa. Mkienda kuuliza hospitali, nendeni mchana bila kificho. Manesi wameshaona mengi.