Kanuni na kidato cha pili

Nipo kidato cha pili hapa Unguja, na napiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwenye kikundi cha taarab. Watu huniuliza muda naupata wapi. Asubuhi skuli, alasiri chuoni kwa Qur'ani, na magharibi ikikaribia, wenzangu wakishuka uwanjani kucheza mpira, mie nakimbilia mazoezini.

Asiyeijua kanuni hudhani ni kukaa na kudonoa tu. Kila sauti ina nyuzi tatu, jumla zinapita 70, na hewa ya pwani ikibadilika zinahama zote. Kabla ya wimbo wa kwanza unainama na ufunguo, unakaza uzi mmoja mmoja, huku wapiga fidla washamaliza wanakunywa chai.

Ala yenyewe si yangu, hailali nyumbani. Kwa hiyo navaa pete, nachomeka risha za kudonolea nyuzi kwenye vidole vya shahada, natandika khanga juu ya meza ili bibi asiamke, napiga. Hakuna sauti, lakini vidole vinajifunza kwenda. Makamu, yaani mipangilio ya sauti inayojenga wimbo, ndiyo sikuhangaika nayo sana. Ustadhi wetu akisoma Qur'ani kwa makamu ya bayati au rasti, sikio linanasa. Nikifika mazoezini nakuta nusu ya kazi imeshafanyika. (Ustadhi mwenyewe sijamwambia.)

Masharti aliyapanga mama na kiongozi wa kikundi, mie nikiwa kimya pembeni. Harusi ni za Jumamosi tu. Mjomba ananipeleka na kunirudisha, hata kama ukumbi bado umechangamka. Posho anashika yeye; ndiyo iliyonunua sare na viatu vya mwaka huu. Kutunzwa ni kwa waimbaji, sisi wapigaji tunaziangalia noti zikipita.

Kilichoniokoa hasa ni Ramadhani. Taarab husimama mwezi mzima. Wakubwa wanalalamika mifuko mitupu, mie ndio kwanza nafukuzana na hesabu zilizonipita, baada ya tarawehe mpaka daku. Ikiingia Idd kazi zinarudi kwa kishindo, lakini daftari liko sawa.

Sasa mtihani wa taifa umekaribia, na mama kafunga mlango. Juzi alikuja mzee mmoja kuulizia kanuni kwa harusi ya mwanawe, siku ya Jumatano.

"Mwambie bwana harusi asubiri," mama akamjibu. "Huyu ana fizikia."