Usiku ule Baba alikua mteja

Ijumaa iliyopita tuliagiza piza nyumbani, yule mdogo akakigeuza kipande chake akanionyesha chini, "Mama, hii imeungua." Kulikua na yale madoa meusi ya sakafu ya tanuri. Nkamwambia haijaungua mwanangu, moto wa kuni ndo huacha alama hizo, kula. Akaniuliza, "Wewe wajuaje?" Nkanyamaza, manake jibu ni babu yake, na babu yake hawakuwahi kuonana.

Tangu siku hiyo usiku ule wa Bamburi hautoki kichwani, naosha vyombo niko nao, niko kwa matatu niko nao, basi wacha niuandike nipumue.

Babangu alikua fundi wa kujenga, na usiku huo watokana na tanuri la piza alilolijenga kwenye hoteli moja ya Bamburi. Ndo kazi kubwa ya mwisho Baba aliyoifanya kabla magoti hayajamkatalia. Yule kijana mwenye hoteli alikaa miaka Malindi kwenye majiko ya Waitaliano, na Malindi mwajua Waitaliano walivo wengi, tangu zile enzi za San Marco kule Ngomeni walipokua wakirusha roketi kutoka baharini, na mpishi akikaa nao sana hujifunza lugha na unga kwa pamoja. Akarudi kwao Mombasa anataka hoteli yake mwenyewe, na si ufukweni kwa watalii, la, mtaani huku ndani, watu wakitoka msikitini Isha wapitie wale na watoto wao. Pesa ya kuleta tanuri kutoka Italia hakua nayo. Akaambiwa kuna mzee mmoja fundi, kamuone huyo.

Baba alikua hajala piza maishani mwake. Lakini moto aliujua. Utotoni jirani yao alikua akioka mikate ya mofa, lile tanuri la udongo ambalo wabandika mkate ukutani kwa ndani, na yeye ndo mtoto wa kutumwa kuni, na aliwahi kunambia alikua akikaa pale kwa masaa kuangalia vipi ukuta wenyewe ndo wapika, si ndimi za moto. Kwa hiyo yule kijana alipomwelezea tanuri la kuba, moto pembeni, mkate chini kwenye sakafu, joto latoka juu kwenye matofali, Baba hakuuliza sana. Alisema tu, "Nipe siku mbili nifikiri."

Kijana alitaka lijengwe kwa mawe yetu haya ya matumbawe, ni rahisi na yapo. Baba akakataa katakata. Akamwambia wazee wetu walikua wakiyapanga mawe hayo hayo juu ya magogo wakayachoma mpaka yawe chokaa, ndo hiyo chokaa iliyojenga Mji wa Kale, sasa wewe wataka kuyatia ndani ya moto kila siku? Ni kweli jiwe lataka karibu digrii 900 ndo liwe chokaa kamili na tanuri la piza halifiki huko, lakini kupasuka hakungoji digrii 900, litapasuka mapema na vumbi limwagike kwenye chakula cha watu. Ikabidi yatafutwe matofali ya moto, yale maalum, yakaletwa na lori kutoka Nairobi, na Baba akayapokea moja moja akiyagongagonga asikie mlio.

Nilikua nikimpelekea chakula cha mchana kwa hiyo niliyaona. Chini ya sakafu alipanga chupa tupu za soda, akazizungushia mchanga, ili joto lisishuke likapotea kwenye msingi. Kuba alilijenga juu ya mchanga mbichi, aliurundika na kuuchonga kwa mwiko mpaka ukawa mviringo kama mgongo wa kobe, akayalaza matofali juu yake, na yaliposhikana akatoa mchanga wote kupitia mdomoni kwa karai, huku vijana wamesimama mbali wakingoja lianguke. Halikuanguka. Mdomo wenyewe alikua ameupima kwa kamba, uwe chini ya theluthi mbili ya kimo cha ndani kidogo hivi, ukiwa juu zaidi joto lakimbia, ukiwa chini zaidi moshi warudi ndani na moto wafa. Yule kijana vipimo alikua navyo kwenye simu na Baba alikua navyo kwa jicho, wakakutana katikati. Kisha moto mdogo mdogo wa kulikausha, wa leo mkubwa kidogo kuliko wa jana, manake ukikimbilia moto mkubwa maji yaliyo ndani ya udongo yachemka yalipasue. Baba akamaliza, akalipwa, akarudi nyumbani. Moto mkubwa hakuuona.

Na hilo ndo lilikua likinisumbua. Baba amejenga hii Mombasa miaka na miaka. Nyumba za Nyali, nyumba za Tudor, mahodhi ya misikiti, ukuta wa bahari wa mtu mmoja kule Mkomani ambao mpaka leo wapigwa na mawimbi na umesimama. Na katika nyumba zote hizo, sikumbuki hata moja ambayo alirudi akakaa sebuleni akapewa kikombe cha chai. Akishapiga plasta ya mwisho na kuosha mwiko, mlango wafungwa. Wenye nyumba wanaolewa humo, wanazaa humo, yeye apita njiani anaiangalia kwa nje. Hakulalamika hata siku moja, ni mie nilokua nikilalamika kwa niaba yake.

Basi hoteli ilipofunguliwa nkamwambia, Baba, twende tukale. Akasema piza ni ya watoto. Mama akamwambia nenda na mwanao wewe. Akavaa kanzu yake ya Idd na kofia ya mkono, tukachukua tuktuk baada ya Maghrib.

Tulifika mapema, watu hawajajaa, na yeye hakuangalia meza wala watu, alienda moja kwa moja na macho kwenye lile kuba. Lilikua limepakwa chokaa nyeupe kwa nje, zuri, linang'aa. Lakini ndani, kupitia mdomoni, lilikua jeusi ti. Masizi matupu. Nkamuona uso wake umebadilika, hakusema kitu lakini namjua babangu, alikua ashaanza kuhesabu wapi kazi yake imeharibika. Tukakaa. Nkaagiza. Yeye haketi sawa, kila mara ageuza shingo. Mwisho akasimama akaenda.

Alisimama kando ya mdomo wa tanuri, kanzu nyeupe na mwanga mwekundu juu yake. Mpishi alikua ametia kuni za mvinje, moto umepanda ukalamba kuba lote juu, na hapo nkaona kitu ambacho sijawahi kukiona na Baba pia alikua hajawahi kukiona. Weusi ulianza kutoka. Kule juu kabisa pakatokea kidoa cheupe cha tofali safi, kikawa kikubwa, kikashuka taratibu kwenda pembeni, masizi yanaungua yenyewe na kuondoka, na tofali moja moja linatokea, na kiungo chake, na jingine, mpaka nikawa naweza kuziona zile safu alivozipanga siku zile nikimletea wali. Joto likifika pale masizi hayawezi kukaa, ndo alama wapishi wanayoingojea kujua tanuri limeiva. Baba hakua na mtu wa kumwambia hayo. Aliyaona tu. Alisogea, akanyoosha mkono, ule mkono ambao chokaa imekula kucha zake na vidole viwili havinyooki tena, akauweka kiganja kizima juu ya ukuta wa nje wa kuba. Kule ndani ni digrii 400 na ushee. Akauacha pale. Ukuta ulikua na uvuguvugu tu. Maana yake joto halitoki, chupa zake na udongo wake vimelishika lote ndani. Nikamuona midomo yataja Mungu.

Hapo ndo akaja yule kijana wa kuchukua oda, mpole kabisa, hakumkosea adabu, akamwambia, "Shikamoo mzee, samahani, wateja hawasimami huku, moto ni mwingi, rudi mezani utaletewa."

Nkainuka. Maneno yalikua mdomoni tayari, kwamba huyu mzee unayemfukuza ndo aliyelijenga hilo tanuri, na pengine ningeyasema kwa sauti na watu wakageuka. Lakini Baba ashamjibu, "Marahaba mwanangu, haya," ashageuka arudi, na alipofika mezani akanishika kifundo cha mkono akakikaza. "Keti. Mtoto yuwafanya kazi yake."

Nkaketi. Roho yangu haikuketi.

Piza ikaja, ile ya nyanya na jibini tu na majani, ndo aliyoitaka, alisema hizo zingine zina mambo mengi. Pale tanurini yakaa kama dakika moja na nusu, hata Napoli kwenyewe ndo hivo, sekunde 60 mpaka 90. Baba kabla hajala aliinua upande mmoja, akaangalia chini, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Imeiva sawa kotekote," akasema. Si sifa ya piza hiyo, alikua akisema sakafu imelala sawa. Kisha akanusa. "Hii si rehani?" Ndiyo Baba, rehani. Akaniangalia na mshangao wa kweli, kwake rehani ni ya kikuba cha Mama, kile kishada cha maua ya kunukia, Alhamisi usiku, sasa imelala juu ya mkate. Akaomba ndimu na pilipili, akaletewa, akala vipande vyake vyote na ule ukingo mgumu wanaouacha watu, ukingo ndo aliupenda zaidi, alisema wanukia mofa.

Hoteli ikajaa. Watoto wakikimbia, kina mama wa mtaani na mabuibui yao, vijana wa boda wamekuja kuchukua oda. Kila mtu alikua akila kutoka mle ndani na hakuna aliyemjua mzee wa meza ya pembeni.

Yule mwenye hoteli alitoka jikoni tukiwa twamaliza, jasho latiririka, akamuona. "Fundi! Mbona hukunambia waja?" Akamkumbatia na unga wake wote, ikabaki alama kwenye kanzu. Akaita yule kijana wa oda, akamwambia meza hii hailipi, kijana akaangalia chini. Nilidhani ndo wakati wenyewe umefika. Baba akakataa. Akatoa pesa kutoka mfuko wa ndani wa kanzu, akazipanga mezani, na mie ndo nilokua nimesema namwalika, akanizuia na mie. "Leo mie mteja," akamwambia, na hakutabasamu, alikua amekusudia. Mwenye hoteli akabishana naye kidogo, kisha akazichukua kwa mikono miwili.

Kwenye tuktuk nkangoja aseme kitu. Alichosema ni kwamba mpishi awe awasha moto mapema zaidi, kuba lapaswa kushika joto vizuri kabla watu hawajaja, masaa mawili mazima angalau. Mpaka Kiembeni tukazungumza kuni.

Mwaka 2017 UNESCO waliingiza ufundi wa wapishi wa piza wa Napoli kwenye ile orodha yao ya turathi, na mie niliisoma habari ile neno kwa neno, wataja unga unavyokandwa na kufunguliwa kwa mkono na kuokwa kwenye tanuri la kuni. Niliwafurahia, wastahili. Lakini nilikua nikisoma nikimtafuta mtu mmoja humo ndani, yule alosimama na karai akitoa mchanga kwenye mdomo wa kuba na kusubiri kama litashika.

Baba, Mungu amrehemu, alitutoka baadaye. Hoteli ingalipo, tanuri lapika mpaka leo, limepigwa chokaa upya mara kadhaa. Na mie tangu Ijumaa nataka kwenda kumuomba yule mwenye hoteli tuweke kibao kidogo pale kando, jina la Baba tu, yule mdogo akiuliza nimpeleke akasome. Kaka yangu hataki kabisa. Asema Baba angetaka ajulikane angefungua mdomo usiku ule, alipewa nafasi mara mbili na mara mbili akakataa, sasa sisi ni nani wa kumsemea. Mie namwambia alinyamaza kwa sababu alikua ndani ya biashara ya mtu, na kwa sababu ndo mara ya kwanza alikua amekaa kwenye kazi yake bila kuifanya, yawezekana alitaka kuimaliza hivo hivo. Au aliona haya. Sijui, kwa kweli sijui, namjua babangu lakini hapo simjui. Mama tumemuuliza, asema tusimtie kwenye ugomvi wetu. Tutakutana wote kwa shangazi Likoni wikendi hii, na nimeshamwambia kaka aje na hoja nyingine, hiyo moja haijanitosha.